Rekodi za Chuoni na Mfupa wa Miaka Ishirini

Juni 14, 2025, katika uwanja wa Hayward mjini Eugene, Marekani, Doris Lemngole, binti wa Kenya anayesoma Chuo Kikuu cha Alabama, alimaliza mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa muda wa 8:58.15. Kabla yake hapakuwa na mwanachuo wa kike aliyekwisha kuzikimbia mbio hizo chini ya dakika 9. Mwaka mmoja nyuma, binti huyo huyo alikuwa ametwaa ubingwa huo huo kwa 9:15.24. Amepunguza sekunde 17 ndani ya miezi kumi na miwili, naye akiwa bado anahudhuria mihadhara na kufanya mitihani kama wanachuo wengine.

Haikuchukua muda mjadala wa zamani ukafufuka. Nani mkubwa kuliko wote miongoni mwa wanawake wa mbio ndefu waliopata kupita katika vyuo vya Marekani? Na ni rekodi ipi itakayofuata kuanguka? Mimi ni daktari wa mifupa, si mchambuzi wa riadha, lakini ni mfuatiliaji wa muda mrefu, na katika chumba chetu cha chai ubishi huu umeshawagawa wenzangu makundi matatu. Ni ubishi wa haki, na nina upande wangu ambao nitautaja bila kificho. Ila naona kuna jambo linaachwa nje kila mara unapofanyika: tunapima miaka minne tu ya mwili ambao haujamaliza kujengwa, kisha tunatoa hukumu kana kwamba umekwisha. Nadai kwamba rekodi ya chuoni haisomeki vizuri mpaka tujue mwili uliigharimia kwa nini.

Kwanza msomaji afahamu uwanja wenyewe. NCAA, chombo kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vya Marekani, kilianza kuandaa mashindano ya wanawake ya mbio za nyika mwaka 1981, miaka tisa baada ya sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwanafunzi anayekimbia mbio ndefu hana msimu mmoja bali mitatu: nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, mbio za ndani ya ukumbi hadi Machi, na mbio za uwanjani hadi Juni. Wengi hukimbia yote mitatu, na wengi wako pale kwa ufadhili wa masomo unaotokana na miguu yao. Mwanariadha wa kulipwa huchagua kilele kimoja au viwili kwa mwaka. Mwanachuo hudaiwa vitatu.

Wanaotajwa zaidi katika ubishi wetu ni wanne.

Jenny Barringer wa Chuo Kikuu cha Colorado, ambaye baadaye tulimjua kama Jenny Simpson, alikimbia mita 1,500 kwa 3:59.90 mwaka 2009. Muda huo ulibaki rekodi ya vyuo kwa zaidi ya muongo mmoja, na ulipatikana kwa viatu vya kawaida. Hata hivyo hakupata kamwe ubingwa wa nyika wa NCAA. Novemba 2009 aliingia katika mbio hizo mjini Terre Haute akitarajiwa kushinda bila shida, akaishiwa nguvu njiani na kumaliza wa 163. Sally Kipyego, Mkenya wa Texas Tech, alitwaa ubingwa wa nyika mara tatu mfululizo, mwaka 2006, 2007 na 2008, na kwa jumla mataji tisa ya NCAA. Parker Valby wa Florida, katika mwaka mmoja wa masomo wa 2023 hadi 2024, alikusanya mataji matano: nyika, mita 3,000 na 5,000 za ukumbini, kisha mita 5,000 na 10,000 za uwanjani. Wa nne ni Lemngole, ambaye licha ya viunzi alitwaa pia ubingwa wa nyika Novemba 2024 mjini Madison.

Yupo na Pamela Kosgei wa New Mexico, aliyeshinda mita 5,000 na 10,000 mwaka 2025 akiwa katika mwaka wake wa kwanza, lakini huyo tumwache akue.

Anayepima kwa saa peke yake atasema ni wa leo, maana nyakati zimeshuka sana. Hapo ndipo nawapinga vijana wenzangu wa chumba cha chai. Tangu takriban mwaka 2020 viatu vya spaiki vimebadilika: soli ina povu jepesi linalorudisha nguvu na mara nyingi bamba gumu ndani yake. Mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kuanzia Novemba 2024 shirikisho la riadha la dunia limetaka unene wa soli katika mbio za uwanjani usizidi milimita 20. Katika mashindano kadhaa zipo taa za pembeni zinazomwongoza mkimbiaji kasi yake hatua kwa hatua. Kulinganisha saa ya 2009 na ya 2025 bila kuyataja hayo ni sawa na kulinganisha shinikizo la damu lililopimwa kwa vipimo viwili tofauti.

Mimi hutumia kipimo kingine, ambacho si kamilifu lakini kina haki zaidi: rekodi ya mwanachuo iko mbali kiasi gani na rekodi ya dunia ya siku ile ile? Tuchukue mita 10,000. Machi 2024 Valby alikimbia 30:50.43, akaivunja rekodi ya vyuo ya Lisa Koll wa Iowa State, 31:18.07, iliyokuwa imedumu tangu 2010. Karibu nusu dakika! Lakini siku Valby anakimbia, rekodi ya dunia ilikuwa 29:01.03 ya Letesenbet Gidey. Alikuwa nyuma yake kwa asilimia 6.3. Siku Koll anakimbia, rekodi ya dunia ilikuwa 29:31.78 ya Wang Junxia wa China, rekodi ambayo wengi waliitilia shaka tangu ilipowekwa mwaka 1993. Naye alikuwa nyuma yake kwa asilimia 6.0. Kwa kipimo hiki Koll, ambaye siku hizi hatajwi na mtu, hakuwa chini ya Valby hata kidogo.

Barringer mwaka 2009 alikuwa nyuma ya rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa asilimia 4.1. Lemngole, mbele ya 8:44.32 ya Beatrice Chepkoech, yuko nyuma kwa sekunde 13.83, yaani asilimia 2.6. Kwa hiyo nikiulizwa ni rekodi gani ya dunia ambayo mwanamke aliye bado chuoni anaweza kuikaribia, nitajibu bila kusita: ni ya viunzi na maji. Mbio hizo ni changa kwa wanawake. Ziliingia Olimpiki mwaka 2008 tu, na uchanga huo huacha nafasi ya kupanda ambayo mita 1,500 na 10,000 hazina tena. Isitoshe, ufundi wa kuruka na kutua unaweza kumfidia kijana ambaye moyo na misuli yake bado haijafikia kilele. Mita 10,000 hazina fidia ya namna hiyo. Huko anayedai ni miaka ya mazoezi, na miaka haipatikani kwa ufadhili.

Mpaka hapo nimezungumza kama shabiki. Sasa niseme kama daktari.

Mfupa si jiwe. Ni tishu hai inayobomolewa na kujengwa kila siku, na kwa mwanamke sehemu kubwa ya akiba yake ya maisha huwekwa kabla ya umri wa miaka ishirini, huku nyongeza ndogo ikiendelea kuingia katika miaka ishirini ya mwanzo. Umri huo ndio umri wa chuo. Miaka ambayo NCAA inadai vilele vitatu kwa mwaka ndiyo miaka ya mwisho ambayo mfupa unapokea amana kwa wepesi. Mbio zenyewe, zikiwa za kiasi, huujenga mfupa. Kinachouharibu ni mbio nyingi juu ya chakula kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme binti ana uzito wa kilo 48, na kati ya hizo kilo 40 si mafuta bali misuli, mifupa na viungo. Akikimbia kilomita 16 kwa siku, hutumia takriban kilokalori 770 barabarani. Akila chakula cha kilokalori 1,800, kiasi ambacho kwa mtu anayeketi ofisini kingetosha, hubakiwa na kama 1,030 kwa shughuli zote nyingine za mwili: moyo kudunda, ubongo kufikiri, mfupa kujengwa, mayai ya uzazi kukomaa. Hiyo ni karibu kilokalori 26 kwa kila kilo isiyo ya mafuta. Majaribio ya Anne Loucks na mwenzake, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba wanawake wenye hedhi ya kawaida wakishushwa chini ya takriban 30, mdundo wa homoni inayoamuru ovari huanza kuvurugika. Na majaribio hayo yalichukua siku tano tu. Kiasi kinachopendekezwa ni kama 45. Binti wetu alihitaji kula karibu kilokalori 2,570, na pengine hakuna aliyemwambia. Kinyume chake, huenda aliambiwa apungue.

Mwili unapokosa nishati hauzimi taa zote kwa pamoja. Huanza na vyumba ambavyo unaona vinaweza kusubiri, na uzazi ndio wa kwanza. Hedhi huchelewa, kisha hukatika; estrojeni hushuka; na estrojeni ikishuka, ubomoaji wa mfupa huushinda ujenzi. Hapo ndipo inapokuja nyufa ya mkazo: mpasuko mwembamba katika muundi, katika mifupa ya unyayo, au, ambapo ni hatari zaidi, katika shingo ya mfupa wa paja. Katika eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi hauonekani, na msichana huambiwa ni uchovu wa misuli, apake dawa, aendelee. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliuweka mkusanyiko huu wa madhara chini ya jina moja, upungufu wa nishati kwa mwanamichezo, na kusisitiza kwamba hauishii kwenye mfupa na hedhi. Unagusa moyo, kinga, damu, hali ya akili, na wanaume pia haujawaacha.

Msichana mwanariadha akiletwa kliniki, huletwa kwa maumivu ya mguu. Sikumbuki aliyeletwa kwa kukosa hedhi. Jambo hilo hutajwa mwishoni, tena mama akiwa ametoka nje, na aghalabu kwa sauti ya kujivunia kidogo: "Daktari, mimi siku zangu zimekatika tangu Januari, nadhani ni kwa sababu niko fiti." Wapo makocha wanaoliamini hilo. Naomba lisemwe wazi katika ukurasa huu: kukosa hedhi miezi mitatu mfululizo, kama si mimba, si alama ya kuiva kwa mazoezi. Ni dalili inayotaka uchunguzi. Na vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo huleta damu kila mwezi na kumtuliza kila mtu, haviurudishi mfupa; vinafunika tu taa ya tahadhari.

Hapa ndipo Parker Valby anaponivutia kuliko mataji yake matano. Baada ya kuandamwa na majeraha, alikuwa akikimbia siku mbili au tatu tu kwa wiki, na siku nyingine akifanya kazi kali juu ya mashine ambayo miguu huzunguka bila kugonga ardhi. Wengi waliliona hilo kama kituko. Kitabibu lina mantiki kamili. Moyo haujui kama unapanda mlima au unasukuma mashine. Ukidaiwa oksijeni hujibu. Mfupa ndio unaojua, kwa sababu mfupa huhesabu migongano. Valby aliupa moyo wake karibu yote uliyoyahitaji na kuupunguzia mfupa deni, akafika Olimpiki ya Paris na kumaliza wa 11 katika mita 10,000. Simwiti mkubwa kuliko wote, lakini mpango wake wa mazoezi ungefaa kusomwa na kila kocha mwenye msichana aliyewahi kupata nyufa. Mashine yenyewe ni ghali kwetu. Baiskeli na bwawa si ghali kiasi hicho.

Nategemea pingamizi, na pingamizi lenyewe ni zito. Mtu atasema: daktari, maneno haya tulishayasikia. Ni kweli. Mwaka 1928, baada ya mita 800 za wanawake katika Olimpiki ya Amsterdam, habari zilienea kwamba wakimbiaji walikuwa hoi, na mbio hizo zikaondolewa hadi mwaka 1960. Madaktari wa enzi hizo hawakuwa kimya. Taaluma yetu ilitoa sauti yake kuunga mkono wazo kwamba mwili wa mwanamke, hasa mfuko wake wa uzazi, haukuumbiwa umbali. Wanawake hawakuruhusiwa marathoni ya Olimpiki hadi 1984, wala mita 10,000 hadi 1988. Aliyeshinda marathoni ile ya kwanza, kwa 2:24:52, alikuwa Joan Benoit, ambaye mwaka 1979, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kidogo cha Bowdoin, alishinda marathoni ya Boston. Mbele ya historia hiyo, daktari anayezungumzia mfupa na hedhi ya mkimbiaji lazima apime maneno yake mara mbili.

Nimeyapima. Hoja ya zamani ilisema mwanamke asikimbie mbali kwa kuwa ni mwanamke. Ninachosema mimi ni kwamba anayekimbia mbali alishwe kwa kiasi cha umbali anaokwenda, apumzishwe, na aulizwe. Hoja ya zamani ilimtoa uwanjani. Hii inataka aonekane uwanjani akiwa na miaka thelathini. Na hapo ndipo penye kasi. Faith Kipyegon aliweka 3:48.68 katika mita 1,500 Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 31, mama wa mtoto mmoja. Chepkoech aliweka rekodi yake ya viunzi akiwa na miaka 27. Benoit alikuwa na 27 alipoingia uwanjani Los Angeles. Wapo wanaowahi, kama Beatrice Chebet aliyekimbia mita 10,000 kwa 28:54.14 akiwa na miaka 24, lakini hata huyo umri wake ni wa aliyekwisha kumaliza chuo. Mwanachuo wa miaka ishirini anayebanwa atoe kila alichonacho leo anaombwa auze shamba kabla ya mvua.

Mfupa hauvunjiki peke yake. Mwaka 1986 Kathy Ormsby wa North Carolina State, mwanafunzi mwenye alama za juu, alikuwa mshika rekodi ya vyuo ya mita 10,000. Juni mwaka huo, katikati ya mbio za ubingwa wa NCAA mjini Indianapolis, alitoka uwanjani na kujaribu kujitoa uhai. Alinusurika, lakini alibaki amepooza. Sitajifanya naweza kueleza kilichokuwa moyoni mwake. Hakuna daktari mwenye haki ya kufanya hivyo kwa mtu asiyepata kumwona. Nataja tu kwamba rekodi yake ilikuwa na umri wa wiki chache. Mary Cain, aliyekwenda moja kwa moja kwenye riadha ya kulipwa badala ya kukimbilia chuo, alieleza hadharani Novemba 2019 jinsi shinikizo la kupunguza uzito lilivyomwacha bila hedhi kwa miaka mitatu na mifupa mitano ikiwa imevunjika. Naye kabla ya hapo alitajwa kama msichana wa rekodi zote zijazo.

Kwa hiyo nampa nani? Nampa Sally Kipyego, na najua wawili katika chumba cha chai watakataa kuninywesha chai wiki hii. Mataji tisa yanatosha kumwingiza katika mjadala, lakini hayatoshi kumpa ushindi, wengine wameyafikia. Kinachompa ushindi ni kilichofuata. Alitoka chuoni na shahada ya uuguzi, masomo yenye saa za wodini ambazo wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2011 alipata nishani ya fedha ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya Daegu, na mwaka 2012 akapata fedha tena katika Olimpiki ya London. Mwaka 2016 alikuwa wa pili katika marathoni ya New York. Akajifungua. Na mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 35 na sasa akiwa raia wa Marekani, alikimbia marathoni ya Olimpiki. Chuo hakikumaliza chote alichokuwa nacho.

Barringer nampa nafasi ya pili, kwa sababu hiyo hiyo. Aliyemaliza wa 163 Terre Haute alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 miaka miwili baadaye, akapata shaba ya Olimpiki Rio mwaka 2016, na fedha ya dunia mwaka 2017 akikaribia kutimiza miaka 31. Lemngole kwa kasi tayari amewapita wote, na asilimia zangu mwenyewe zinakiri hivyo. Lakini yeye bado yumo ndani ya hadithi. Kila mbio za viunzi zina miruko 28 ya viunzi na 7 ya maji, na kila mtuo ni mzigo mkubwa kuliko uzito wake kwa mguu mmoja. Natamani kumwona mwaka 2032.

Nalisema hili kwa sababu mabinti wa ukanda wetu wanazidi kwenda huko. Mawakala na makocha wa Marekani wamekwisha kuizoea njia ya Iten na Eldoret, na hakuna sababu ya kudhani Arusha, Manyara na Singida zitaachwa. Ni fursa njema. Shahada haivunjiki kama mfupa, na sitamshauri mzazi yeyote aikatae. Ila barua ya ufadhili ikifika, mzazi na mwalimu wa michezo wana haki ya kuuliza maswali ambayo kwa kawaida hayaulizwi. Binti akiumia mfupa na kukaa nje msimu mzima, ufadhili unaendelea? Kuna daktari wa timu asiyekuwa chini ya kocha? Nani atampima uzito, mara ngapi, na mbele ya nani? Akifika katika mji ambao ugali hauuzwi na chakula cha bweni kimemshinda, nani atagundua kwamba ameacha kula? Wala tusimsubiri apande ndege: apimwe damu nyumbani, pamoja na akiba ya madini ya chuma, na aelezwe, ikiwezekana na daktari wa kike au muuguzi, kwamba hedhi yake ni kipimo cha afya kama mapigo ya moyo.

Kuna swali moja zaidi la kuuliza. Kwa muda mrefu kanuni za NCAA zimempa mwanafunzi misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano. Mwaka mmoja unabaki huru. Makocha wengi huutumia kumhifadhi mkimbiaji mpaka timu imhitaji. Mzazi aulize kama unaweza kuwa mwaka wa kwanza kabisa, ambao binti atautumia kuzoea baridi, lugha ya mihadhara na chakula kipya, akifanya mazoezi bila kushindana, na mfupa wake ukiendelea kuweka amana.